Kamera Yangu ya Kwanza na Picha ya Watu Wanane

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni. Picha zilizoonyeshwa siku ile hazikuweza kutiwa humu, kwa kuwa karatasi zetu za stensili hazichukui picha. Wasomaji watosheke na maneno. — Mhariri)



Mwandishi wetu aliponiomba niseme mbele yenu jioni hii, nilimjibu kwamba mimi si msemaji. Mimi ni mtu wa mafaili. Naye akanijibu upesi, "Basi sema juu ya mafaili." Nimelitia moyoni neno lake. Nitasema juu ya faili dogo kuliko yote niliyopata kuyashika, faili lenye karatasi moja tu, tena isiyo na maandishi. Karatasi hiyo ni picha. Kwa kuwa haikuandikwa neno nyuma yake, iliwagombanisha ndugu wawili wa tumbo moja, baba yangu na shangazi yangu, kwa muda wa miezi saba. Kamera yangu ya kwanza imo katika kesi hiyo kama shahidi. Nawaomba mnivumilie, kwani habari hii ina mwanzo wake, nami sitaki kuurukia.

Bibi yangu mzaa baba alikaa kijijini katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, katika nchi ya michungwa. Alikuwa na kasha la mbao, na ndani ya kasha hilo, chini ya khanga zake, alihifadhi picha moja. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama postikadi. Wamesimama wanaume wanane mbele ya baraza ya ofisi, nao wote wamevaa sare moja: shati jeupe, kaptula nyeupe, soksi ndefu na viatu vyeusi. Walikuwa makarani wa Serikali ya siku zile, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mmoja wao ni babu yangu. Alifariki mwaka 1957, baba yangu akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na shangazi akiwa na miaka minne. Picha nyingine hakuacha.

Sisi wajukuu tulionyeshwa picha hiyo mara nyingi. Bibi aliitoa, akaweka kidole juu ya mmoja wao na kusema, "Huyu ndiye." Nasi tukatazama mara moja, tukakimbilia mchezo. Nani katika sisi angalidhani kwamba siku moja kidole kile kitakosekana?

Sasa nije kwenye kamera. Mwaka 2002, nilipokuwa na miaka 12, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga alikuja kututembelea, akaniletea zawadi ambayo mtoto wa kijijini hakuiwazia hata katika ndoto: kamera Yashica MF-2, nyeusi, iliyokwisha kutumika, na kamba yake imekatika ikafungwa fundo. Ninyi wenye umri wangu mwaijua. Ndiyo kamera iliyotundikwa shingoni mwa wapiga picha wengi wa harusini na sokoni miaka ile. Mjomba alinipa pia mkanda mmoja wa picha 24, na amri tatu. Ya kwanza, usitie kidole mbele ya kioo. Ya pili, jua liwe nyuma yako, lisiwe nyuma ya unayempiga. Ya tatu, mkanda ukiisha usiufungue mlango wa nyuma mpaka umeurudisha wote ndani ya kibweta chake. Kisha akapanda basi akarudi Tanga.

Mabwana, mkanda mmoja wakati ule ulikaribia bei ya debe la mahindi pale kwetu, na gharama ya kusafisha picha ni mbali. Mtu mwenye akili angalizipanga picha 24 kama karani wa stoo apangavyo mali aliyokabidhiwa. Mimi nilizitumia kama mlevi. Nilipiga timu yetu ya mpira, wachezaji kumi na mmoja, kila mmoja peke yake. Na kwa kuwa kijijini palikuwa na miwani meusi moja tu, miwani hiyo ilizunguka usoni mwa wote kumi na mmoja. Nikampiga mbuzi wa jirani. Nikampiga rafiki yangu juu ya baiskeli isiyo yake. Nikajipiga mwenyewe katika kioo cha kabati, na flashi ikanipofusha.

Siku zote hizo Bibi alikuwa akiningoja. Kila jioni aliniuliza, "Mume wangu, zamu yangu lini?" Aliniita hivyo kwa desturi ya bibi na mjukuu, na zaidi kwa sababu jina nililopewa ni jina la babu. Nami nilimjibu kila jioni, "Kesho, Bibi." Hata nilipotazama namba juu ya kamera nikaona imebaki picha moja, ndipo niliposhikwa na haya, nikamwendea.

Bibi alivaa khanga yake mpya. Nikamwekea kiti upenuni, mahali penye mwanga mzuri, nikarudi nyuma hatua mbili. Nilipoinua kamera akanizuia kwa mkono. "Ngoja," akasema, "nisipigwe peke yangu kama mjane." Akaingia ndani, akalifungua kasha, akarudi na ile picha ya watu wanane. Akaishika kifuani kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akamgusa mumewe. Akasema, "Sisi wawili hatukuwahi kupigwa pamoja. Leo tutapigwa." Nikapiga.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikatamani kuona kama Bibi ameingia kweli ndani ya kamera. Nikaufungua mlango wa nyuma, kwa ufa usiozidi upana wa kidole. Papo hapo nikaikumbuka amri ya tatu, nikaufunga kwa hofu. Nikaurudisha mkanda, nikanyamaza, nisimwambie mtu.

Mkanda ulipelekwa studio moja ya mjini, na baada ya majuma mawili nikaenda kuzichukua picha. Bahasha ilikuwa na picha 21. Fundi akaniambia, "Hizi tatu za mwisho zimeungua, sikuzisafisha kwenye karatasi, ungepoteza fedha yako bure." Timu ilitoka. Miwani ilitoka. Mbuzi alitoka vizuri kuliko watu wote. Bibi hakutoka.

Nilipomwambia, hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haidhuru. Tutapiga nyingine." Akairudisha picha yake kashani. Nyingine haikupigwa. Fedha ya mkanda wa pili haikupatikana upesi, na mwanzoni mwa mwaka 2003 nikaenda shule ya sekondari ya misheni, mbali na nyumbani. Bibi alifariki mwaka 2004, mimi nikiwa shuleni, katika majuma ya mitihani.

Katika shule hiyo palikuwa na mwalimu wa sayansi aliyependa sana mambo ya picha. Alikuwa na chumba cha giza nyuma ya maabara, chenye taa nyekundu na sinia tatu za dawa, na wanafunzi wachache tuliruhusiwa kuingia siku za Jumamosi. Humo ndimo nilimopata kuelewa kwa nini Bibi aliungua na mbuzi akapona.

Mkanda umepakwa utando mwembamba wenye chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa chumvi hizo huzigeuza, walakini jicho halioni kitu cho chote mpaka mkanda uoshwe katika dawa ya kwanza, ambayo huidhihirisha picha. Kisha hutiwa katika dawa ya kuiimarisha, ambayo huondoa chumvi zisizoguswa ili mwanga usiendelee kuila picha. Dawa hiyo ya kuimarisha twaiita haipo, na aliyeitambua nguvu yake ya kuyeyusha chumvi za fedha ni Mwingereza John Herschel, mwaka 1819, miaka 20 kabla ya kutumika katika kazi ya picha.

Katika kamera kama yangu, yenye mkanda wa milimita 35 katika kibweta cha namna iliyoanza kuuzwa na Kodak mwaka 1934, kila picha ikiisha kupigwa huviringwa upande wa pili, nje ya kibweta. Picha za kwanza hukaa ndani, zimefunikwa na zile zilizofuata. Picha ya mwisho hukaa juu kabisa, haina cha kuifunika. Kwa hiyo mwenye kuufungua mlango kabla ya wakati huziunguza kwanza zile za mwisho. Mbuzi, miwani na baiskeli nilikuwa nimevificha ndani salama. Bibi nilimweka mlangoni.

Mwalimu yule alitusimulia pia jambo ambalo sijalisahau. Mwaka 1838, katika mji wa Paris, Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake dirishani, akapiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple. Siku zile picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa wote walikuwa wakienda, hakuna aliyeacha alama yake. Mtu mmoja alikuwa amesimama akisafishiwa viatu, naye, pamoja na yule aliyemsafishia, ndio walioonekana. Wanahesabiwa kuwa miongoni mwa wanadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha. Mwaka uliofuata, 1839, Ufaransa iliitangazia dunia ufundi huo. Mwalimu akatuuliza, "Mtu yule jina lake nani?" Tukakaa kimya. Akasema, "Hakuna anayejua. Duniani kote picha yake inajulikana, na jina lake halijulikani, kwa kuwa hapana aliyeliandika."

Neno lake la pili lilikuwa amri, nalo ndilo lililoniokoa. Alisema, "Msitupe negativu, hata iliyoharibika. Picha ya karatasi ni nakala. Negativu ndiyo hati ya asili." Niliporudi nyumbani wakati wa likizo niliichukua bahasha yangu ya mwaka 2002, nikaitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na cheti changu cha ubatizo. Sikuwa na nia yo yote; nilitii tu.

Sasa nifike mwaka 2016. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuajiriwa. Baba alijenga upya nyumba ya wazee, akataka picha ya babu ikuzwe, itiwe fremu na kutundikwa sebuleni. Akaichukua ile picha ya kashani, akamwekea alama mtu wa pili kutoka kushoto, mwenye kofia mkononi. Shangazi alipopata habari alikuja kutoka Korogwe kwa hasira. "Huyo si baba," akasema. "Baba ni huyu wa mwisho upande wa kulia, mwenye leso mfukoni. Mimi nilipakatwa naye, naikumbuka leso yake." Baba akajibu kwamba yeye ameonyeshwa na mama mara mia, na kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kukumbuka leso. Shangazi akajibu kwamba mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukumbuka kitu kabisa.

Tukaigeuza picha. Nyuma yake palikuwa peupe. Tukatafuta mzee wa kumwuliza. Waliomjua babu walikuwa wamekwisha kufa. Katika nyumba ile kila mtu alidhani anajua, kwa hiyo hakuna aliyeandika. Maneno yalizidi, yakaingia mambo ya zamani yasiyohusu picha, kama ijulikanavyo ndugu wanapogombana. Shangazi akaondoka bila kula. Miezi saba hawakusemezana. Msije mkacheka, mabwana. Si jambo dogo mtu kuambiwa kwamba uso aliouita baba maisha yake yote ni uso wa mtu mwingine.

Usiku mmoja nikakumbuka kopo la biskuti. Nikaitoa bahasha, nikaushika mkanda mbele ya taa. Kipande cha mwisho kilikuwa kimekaribia kuwa cheusi chote. Maana katika negativu mambo hugeuka, na palipopigwa na mwanga mwingi huwa peusi. Lakini weusi ule haukuwa sawa kila mahali. Upande mmoja ulikuwa kama ukuta. Upande wa pili ulikuwa kama moshi, na ndani ya moshi nikaona umbo la mtu aliyeketi.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi saa, nikamwomba lenzi yake ya jichoni. Nikaiweka negativu juu ya kioo cheupe cha kompyuta, nikaweka lenzi juu yake, na kwa simu yangu nikaipiga picha, kisha nikaigeuza rangi zake, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Nilirudia kazi hiyo mara nyingi, mkono ukitetemeka. Ile picha ya watu wanane, ndani ya negativu, ni ndogo kuliko punje ya mchele. Upande wake wa kushoto uliliwa na mwanga, na watu watatu wamepotea. Walakini upande wa kulia umebaki. Vichwa viwili vya mwisho vyaonekana kama vitone, na juu ya mtu wa tatu kutoka kulia kimesimama kidole cha Bibi.

Si mwenye kofia. Wala si mwenye leso.

Nilimpigia simu Baba, naye akampigia dada yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Tulikutana nyumbani kwa Shangazi. Nikawaonyesha. Shangazi akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama mtu asiyetaka kushindwa, "Macho ya mama siku hizo yalikuwa bado mazima?" Nikamjibu, "Alikuwa bado anachagua mchele mwenyewe, Shangazi, na chuya haikumpita." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kidole cha mama hakibishiwi." Baba hakusema neno. Aliishika ile picha ya asili, akamtazama mtu wa tatu kutoka kulia, mfupi kidogo kuliko wenziwe, aliyekunja uso kwa jua. Hatimaye akasema, "Nimekuwa nikimwamkia mtu mwingine kwa miaka hamsini." Shangazi akacheka, naye akacheka, kisha wote wawili wakalia. Siku ile tulikula pamoja.

Wanachama wenzangu, yapo mengi ya kujifunza hapa, nami nitasema machache yatuhusuyo sisi tulio watu wa kalamu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karani hawezi kupokea mifuko ya saruji bila kuandika idadi, tarehe na jina la aliyeleta. Lakini karani huyo huyo nyumbani kwake ana picha za wazazi wake bila jina wala tarehe. Ofisini tu waangalifu kwa mali ya watu wengine. Nyumbani twaipoteza mali yetu.

Wala msidhani ya kwamba tatizo ni uchache wa picha. Katika nchi zetu kazi ya picha ni ya zamani. Unguja ilikuwa na wapiga picha kama A. C. Gomes tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa huko mwaka 1930. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyo wa picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya miaka 1860 na 1960. Kisichotosha ni majina. Ukiitazama picha ya siku za ukoloni, mara nyingi utaona bwana mkubwa ameandikwa jina lake na cheo chake, na waliomzunguka wameandikwa "wapagazi" au "makarani" tu. Twalalamika kwamba wageni hawakuandika majina ya wazee wetu, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini picha ya Bibi haikukaa mkononi mwa mgeni hata siku moja. Ilikaa kashani mwetu kwa zaidi ya miaka 50, na katika nyumba ile hapakukosekana penseli.

Wala tusiidharau kamera ndogo. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak yenye mkanda wa picha 100. Mwenyewe akiisha kuzipiga, aliirudisha kamera nzima kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 kampuni yake ikatoa kamera ya sanduku iitwayo Brownie, kwa dola moja tu, ili hata mtoto aweze kuinunua. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza kazi yake na Brownie iliyokwisha kutumika, akiwa bado mwanafunzi. Naye ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliiamsha dunia. Chombo kidogo mkononi mwa mtoto si mchezo, iwapo yupo mkubwa wa kumfundisha.

Siku hizi sote tumekuwa wapiga picha. Kamera isiyo na mkanda ilitengenezwa na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, mwaka 1975. Na mwezi Januari 2012 kampuni hiyo hiyo ikaomba mahakamani ilindwe na wadai wake, kwa kuwa watu walikuwa wameacha kununua mikanda. Leo simu yaweza kubeba maelfu ya picha. Mtu hupiga picha 24 za sahani ya chakula kabla hajatia tonge kinywani. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nilimpiga mbuzi. Nasema tu kwamba wingi huo hauna daftari, na simu ikianguka majini, kashani hakuna kitu.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu afanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Achukue picha za zamani za nyumbani kwake, akae na mzee aliye hai, amwulize majina, mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama na waliokaa. Aandike nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino wa kalamu hupenya na kutia doa. Aandike mahali, mwaka, na jina la aliyepiga kama lajulikana. Negativu azitie katika bahasha ya karatasi, mbali na joto na unyevu, na zile zilizoungua asizitupe. Za simuni achague chache zenye maana, azisafishe kwenye karatasi, nazo azitendee vivyo hivyo. Na ampe ndugu mwingine nakala, kwani kasha moja ni la mchwa mmoja. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji alasiri moja na mzee mmoja, na mzee hangoji.

Nimalize. Picha ya babu imekuzwa, nayo imetundikwa sebuleni. Nyuma ya ile ya asili nimeandika kwa penseli jina lake, na maneno haya: "wa tatu kutoka kulia, kwa ushahidi wa kidole cha mkewe, 2002." Lakini mabwana, katika picha ile wapo wengine saba. Mwenye kofia, ambaye baba yangu alimheshimu kama mzazi wake, ni babu wa mtu. Mwenye leso ni babu wa mtu. Nao walikuwa makarani kama sisi, katika mkoa wa Tanga, mahali ambapo watumishi Waafrika wa Serikali walianzisha chama chao mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba. Wajukuu wao wako wapi? Huenda yumo mmoja wao humu chumbani, ambaye nyumbani kwao hapana picha hata moja.

Nimeileta nakala iliyokuzwa. Iko juu ya meza, karibu na birika la chai, na penseli iko kando yake. Ye yote mwenye asili ya upande wa Tanga, Muheza, Pangani au Korogwe, namwomba apite aitazame kabla ya kwenda nyumbani. Na akimtambua mtu, aandike.